Kompyuta ya Mpaka-Nione

Shangazi yangu alibatizwa jina la Mpaka-Nione na wenzake wa ghalani, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo. Gunia likishushwa, wenzake walisoma maandishi ya nje. Yeye alilichoma kisu, akanusa, akasugua kilichotoka kati ya vidole. Aliwahi kukuta mchanga chini ya sukari na matofali katikati ya katoni za sabuni. Tangu hapo hakuna aliyemwambia neno akalichukua kama lilivyo. Hata mumewe, siku alipomwambia anampenda, alijibiwa, "Tutaona."

Alipostaafu, akiwa mjane, alipata kazi ya sauti. Shule ya wasioona ilikuwa ikitafuta mtu wa kuwarekodia wanafunzi vitabu, na shangazi alikuwa na sauti nzito, tulivu, inayokufanya ukae chini hata kama ulikuwa unapita. Akageuza chumba cha nyuma: magodoro ya zamani ukutani, blanketi dirishani, kipaza sauti juu ya meza, na chini ya meza kompyuta ya mitumba iliyokuwa ikiunguruma kama mgonjwa wa pumu.

Siku moja mwalimu wa shule ile akapiga simu.

"Mama, wanafunzi wanauliza, mbona mvua haikatiki kwenye hiki kitabu?"

"Mvua gani?"

"Wanasema inanyesha tangu ukurasa wa kwanza. Mmoja amejibu kwenye mtihani kwamba mhusika mkuu anaishi karibu na maporomoko ya maji."

Mwalimu alicheka. Shangazi hakucheka. Kwanza alidhani mwalimu ana ndugu yake anayetaka kumpa ile kazi. Baadaye alivaa visikilizio, akasikiliza, akaisikia ile mvua. Ilikuwa feni ya kompyuta.

Aliyeleta dawa ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole asiyependa maneno mengi.

"Usinunue iliyofungwa tayari," alimwambia. "Kuna fundi namjua. Unachagua kifaa kimoja kimoja, yeye anakuunganishia kompyuta isiyo na kelele."

"Unamjuaje?"

"Namjua tu."

"Mtu hamjui mtu tu, shemeji."

Shemeji akaangalia pembeni. Hilo la kuangalia pembeni ndilo lililotutoa usingizini. Wakati wa kwenda dukani shangazi alinitaka nimsindikize, akaninong'oneza njiani: "Huyu shemeji yangu ana lake jambo. Watakaposhikana mikono na huyo fundi, wewe watazame machoni."

Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno matamu, ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Fundi wake alikuwa mwembamba, bisibisi imekaa sikioni kama kalamu ya seremala, na maneno aliyatoa kwa kijiko. Walishikana mikono na shemeji haraka mno. Shangazi akanifinya.

Mwenye duka alianza na kasha la kioo lenye taa za rangi zinazowaka na kuzima.

"Hili ndilo wanalolipenda wote, mama."

"Mimi nasoma vitabu, baba. Disko sipigi."

Fundi ndiye aliyesogeza mkono kwenye rafu ya chini. "Mama, prosesa, huu ubongo wa mashine, chukua hii ndogo."

"Kubwa unaninyima kwa nini?"

"Kubwa inapata moto. Ikipata moto, feni inakimbia. Feni ikikimbia, ndiyo kelele."

Jibu lilikuwa na akili, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Alinivuta kando. "Muuzaji anayekusihi ununue kidogo anaficha kikubwa."

Kwenye feni ikawa kinyume: fundi alitaka ichukuliwe kubwa, eti kubwa huzunguka polepole. Shangazi alisema hajawahi kuona kinu kikubwa kikisaga kimya kuliko kidogo. Fundi hakubishana. Alitupeleka stoo ya nyuma, akafunga mlango, akaziwasha zote mbili. Shangazi alifumba macho, akainama kama anayesikiliza iwapo mtoto amelala. Ile ndogo ililia kama mbu. Ile kubwa ilikuwa inapumua tu. Akaichukua bila kusema asante.

Balaa likaja kwenye kisanduku cha umeme, kile kinacholisha mashine nzima. Mwenye duka alimpa kimoja kikiwa ndani ya boksi lake. Shangazi akakipima mkononi, akachukua kingine cha aina tofauti, akapima tena.

"Hiki chepesi. Ndani kuna nini?"

"Mama, ni teknolojia ya kisasa hiyo. Siku hizi kila kitu chepesi."

Shangazi akamgeukia fundi. Fundi alikuwa anaitazama sakafu kama iliyoandikwa kitu. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Kama una mashaka, chukua hicho kizito." Tabasamu la mwenye duka likakatika. Alimtupia fundi jicho ambalo hata mimi nililiona.

"Umeona?" shangazi akaniambia tulipotoka. "Wamekonyezana."

Kizito alikichukua, lakini imani ilikuwa imeshakwisha. Ndani ya gari vifaa vyote alivibeba mwenyewe mapajani, akakataa shemeji amsaidie hata boksi la nyaya. Jioni alitoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akatia alama kila kifaa, hata vile vijiubao viwili vyembamba vya memori, ili asije mtu akambadilishia mbele ya macho yake. Fundi angekuja kuunganisha pale pale nyumbani, si kwingine.

Kesho yake asubuhi fundi alifika na shemeji. Alitandaza vitu juu ya meza ya kulia, na shangazi akaketi mkabala naye kama msimamizi wa mtihani. Fundi alipogusa chuma cha kasha kabla ya kushika mazabodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, aliulizwa anagusa nini. Akasema anaondoa umeme wa mwilini, usije ukaunguza vifaa. Shangazi aliguna. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Kisha simu ikaita, ni mwalimu, na shangazi akatoka ukumbini kuisikiliza. Hakukaa sana. Aliporudi, nilisikia kiti kikianguka.

"Hii memori si yangu!"

"Ni yako, mama," fundi alisema.

"Yangu ina alama. Hii haina!"

Shemeji alisimama. "Alama? Umemtegea alama mtu niliyekuletea mimi?"

"Mama, ile alama ilikuwa—" fundi alianza.

"Usinieleze! Mimi nimepokea mizigo ya wezi wakubwa kuliko wewe!"

Fundi akaweka bisibisi chini. Alitoa vilivyokuwa mifukoni, funguo, kitambaa, pipi iliyoyeyuka, akavipanga mezani. Akaupindua mkoba wake. Hapakuwa na memori. Akakusanya vyake na kuondoka bila kubamiza mlango, na afadhali angeubamiza. Shemeji alibaki kizingitini.

"Kaka angekuwepo leo," alisema, "angeona haya." Naye akaenda zake.

"Ameitupa dirishani," shangazi aliniambia. Tukaenda kutafuta chini ya dirisha. Palikuwa na majani na paka wa jirani, basi.

Nilipokuwa naondoa vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea, niliona ndani ya kifuniko cha boksi kipande cha pamba. Kilikuwa chekundu na kilinuka spiriti. Nikachukua memori ya pili, ambayo fundi alikuwa hajaifikia. Shangazi aliipaka vizuri, lakini rangi ilikuwa imechuruzika ikafunika yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye mazabodi.

"Shangazi, haya ndiyo yanayoshika umeme. Yakiwa na rangi, mashine haiwaki."

Aliikwangua kwa ukucha. Akaisogeza ile iliyokwisha kufungwa kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye pembe ya ubao wake ulikuwa umebaki wekundu mwembamba kama wa mtu aliyenawa damu haraka haraka.

"Inawezekana pamba ameiacha makusudi," alisema, lakini sauti yake ilikuwa haina miguu.

Usiku hakusoma kitabu. Kulipokucha tulikwenda dukani. Mwenye duka alitupokea bila asali. "Huyo nimemfukuza. Anawaambia wateja wasichukue bidhaa zangu. Duka gani litasimama hivyo?"

Ikabidi shangazi ampigie shemeji kuuliza fundi anaishi wapi. Shemeji alitaja mtaa na rangi ya mlango, akakata simu.

Tulimkuta fundi katika chumba chenye kitanda upande mmoja na meza ya kazi upande mwingine, redio zilizofunguliwa matumbo zimepangwa ukutani. Alitupisha viti, yeye akakaa kitandani.

"Mwanangu," shangazi alisema, "nimekukosea. Nimekuja uniwie radhi."

Fundi alitazama mikono yake. "Mama, hata mimi nilikudhania vibaya. Nilijua umetumwa na bosi."

"Mimi? Nitumwe kufanya nini?"

"Kunipima. Alishasikia nawaonya wateja. Sasa anakuja mteja anapima uzito, anauliza kila kitu, ananitazama mikono. Nikasema, huyu ni mtego. Ndiyo maana nilibana mdomo. Kile chepesi nusu ya vitu vya ndani havimo. Kingeungua na kompyuta yako yote."

Walitazamana, kisha shangazi akacheka, cheko fupi la mtu aliyejikwaa mahali pasipo na jiwe. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na shemeji yangu unamjuaje? Niambie kweli."

Fundi akashusha sauti. "Aliniomba nisiseme. Lakini naona sasa hamsemezani kwa ajili yangu. Aliniletea kompyuta yake niitengeneze iweze kumsomea maandishi kwa sauti. Macho yake yanafifia, mama. Na vitabu vyako alivipata kwa mwalimu, anavisikiliza kila jioni. Hataki mtu yeyote ajue, wewe hasa."

Shangazi aliinuka, akamwomba fundi aje amalizie kompyuta.

Fundi alikuja kumalizia kazi. Alifuta rangi yote kwa spiriti, kifaa hadi kifaa, na safari hii shangazi alikuwa jikoni, ingawa mlango aliuacha wazi. Mashine ilipowashwa, alikuja akasimama mbele yake. "Washa basi," alisema. "Imewaka, mama." Akaweka kiganja juu ya kasha, akasikia uvuguvugu, akakubali.

Shemeji hakuja juma hilo wala lililofuata. Mwishowe shangazi ndiye aliyemfuata, nami nikiwa naye. Tulimkuta uani. Shangazi alimwomba radhi, naye akasema yamekwisha, kwa namna ya mtu ambaye kwake hayajaisha. Kisha shangazi akamnyooshea kidiski kidogo chenye kitabu kipya.

"Nataka mtu wa kunisikiliza kabla sijapeleka shuleni. Anionyeshe nilipokosea."

"Mbona mimi?"

"Wewe huniogopi."

Shemeji aliugeuza uso kuelekea kwake, akamtafuta kwa macho kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumwona mtu aliye karibu hivyo.

"Nani amekuambia nini?"

"Hakuna aliyeniambia kitu."

Hakuamini, ilionekana wazi. Alipapasa mpaka akakifikia kile kidiski, akakizungusha vidoleni, akakitia mfukoni, akamwita mkewe alete viti.