Mtoto Aliyeachwa Nje ya Barua ya Chifu

Nilipostaafu ukarani katika masjala ya mahakama, Malindi, nilidhani nitakaa nyumbani nifuge kuku. Haikupita miezi mitatu, wakili mmoja tuliyefahamiana akaniomba nimtafutie mrithi aliyepotea kwenye faili ya mirathi. Nikampata. Akaniletea faili ya pili, na tangu hapo hiyo ndiyo kazi yangu: kusoma madaftari ya makanisa na ya shule, kupiga hodi kwa watu, kuuliza nani kazaliwa na nani. Kuku ninao pia.

Faili ninayoipenda kuliko zote ilitoka Gede. Mzee mmoja mkulima alifariki akaacha shamba la mikorosho, mjane na watoto wanne. Kabla mirathi haijafunguliwa, chifu huandika barua ya kuwataja warithi wote. Barua ikaandikwa, watoto wakatia sahihi, ikafika kwa mama yao. Mama yao akakataa kutia kidole.

Nilimkuta barazani kwake akichambua choroko. Mwanawe mkubwa, fundi wa pikipiki, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, hawe," nilimwamkia, kwa neno la Kigiriama la bibi.

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa uje unibembeleze?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza kwa nini umekataa."

"Kwa sababu watoto ni watano."

Akanieleza. Yeye alikuwa mke wa pili. Alipoolewa alimkuta mke mkubwa na binti yake wa miaka mitano hivi. Miaka miwili baadaye mke mkubwa aligombana na mumewe, akamchukua bintiye wakaenda kwa jamaa zake upande wa Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge. Mzee aliwafuata mara moja tu, akarudi peke yake, na hakulitaja jina la mtoto yule tena.

"Mama, hata kama yuko hai hatujui," alisema yule fundi. "Tutangoja mpaka lini?"

"Wewe ulipozaliwa mimi nilikuwa mgonjwa," alimjibu, mikono ikiendelea na choroko. "Ni yeye aliyekubeba mgongoni mpaka ukatambaa."

Fundi akaingia ndani akaniletea kiti, maana muda wote huo nilikuwa nimesimama.

Kabla sijaondoka mama alinipa alama ya kumtambulia: kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilimwacha karibu na chungu nikaenda kumwosha mtoto. Kosa lilikuwa langu."

Kumtafuta Mgiriama kwa jina pekee ni kazi. Watoto hupewa majina ya mababu na mabibi, kwa hiyo jina moja huzunguka katika ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi, na ukiita jina hilo sokoni watageuka wanawake sita. Nilianza na shule za karibu na mashamba ya mkonge. Katika shule ya tatu mwalimu mkuu alinifungulia kabati la madaftari ya zamani, nusu yameliwa na mchwa, na humo nikaliona jina lake pamoja na la baba. Tena lilikuwa limeandikwa mara mbili, mstari juu ya mstari. Nikadhani karani wa siku hizo alikosea, nikanakili mstari mmoja na kumwuliza mwalimu. Alisema mwenye jina hilo yuko Kuruwitu, kaolewa huko, kila mtu anamjua.

Nilimkuta uani kwake amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Mwanamke mnene mwenye uso mkunjufu. Jina ndilo, umri ndio, shule ndiyo. Nikakaa, nikatuliza sauti kama ninavyofanya siku zote, nikamwambia, "Mama, nimekuja na habari nzito. Pole kwa msiba wa baba."

Aliacha kukuna. Akageuka polepole akatazama nyuma yangu. Nami nikageuka. Kwenye kivuli cha ukuta alikuwa ameketi mzee mkongwe, anakunywa chai.

"Msiba wa baba yupi?" aliniuliza.

Sijui niliomba radhi mara ngapi. Yeye alicheka hadi akafuta machozi kwa leso, akamwita baba yake aje asikie kwamba amekufa. Mzee akasema sawa, lakini amalize chai kwanza.

Tulipotulia ndipo akaniambia. Darasani kwao walikuwa wasichana wawili wenye jina moja, na baba zao pia walikuwa na jina moja. Mwalimu akawaita wa kwanza na wa pili. Yeye alikuwa wa kwanza. Karani hakukosea, aliyekosea ni mimi, niliyesahau hata kutazama kovu, tena niliyekula mshahara wa ukarani miaka yote ile.

"Wa pili yuko Mtwapa, anashona sare za shule," alisema. "Nina miaka sijamwona. Ngoja nivae, twende wote."

Tulimkuta kwenye chumba kidogo kando ya duka la vifaa vya ujenzi, mguu kwenye cherehani. Wale wawili walikumbatiana, wakaitana wa kwanza, wa pili, kama wasichana. Kisha nikajieleza, safari hii kwa uangalifu. Aliposikia kwamba baba amefariki alirudi kwenye cherehani akaendelea kushona, kichwa chini.

"Nani kakutuma?" aliuliza mwishowe.

"Mke mdogo wa babako. Amekataa kutia kidole mpaka uandikwe."

Cherehani ikasimama. "Yule mama yu hai?"

"Yu hai. Anasema kosa la chungu lilikuwa lake."

Alikunja mkono wa gauni. Kovu lilikuwepo, limefifia, umbo la jani.

"Kosa si lake," alisema. "Aliniambia nisiguse. Nilikuwa naiba muhogo."

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Gede mwenyewe. Vitambulisho, cheti cha ubatizo, cheti cha kifo cha mama yake mzazi na hati ya kiapo vilikuwa mkobani mwangu, lakini hakuna aliyeviulizia siku hiyo. Mama alimshika mkono wa kushoto akaupapasa. Binti akapiga magoti, akaungama habari ya muhogo mbele ya wote.

Mama alifikiri kidogo. "Basi ulikuwa na njaa," alisema. "Na leo umekula?"

Fundi wa pikipiki alikuja kumwamkia dada yake, hajui aushike mkono wake ama amkumbatie. Dada akampima kwa macho toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Ulikuwa mzito tangu hapo."

Barua mpya ya chifu ilikuwa na majina matano ya watoto, na mama akatia kidole kwa nguvu hadi wino ukapita upande wa pili. Binti alipewa sehemu ya shamba iliyo karibu na barabara. Bado anashona Mtwapa, ila shule zikifungwa hupeleka wajukuu wake Gede, na mama huwafundisha kubangua korosho. Mimi niliandika ripoti ya nusu ukurasa kwa wakili. Aliniambia ni fupi mno. Nikaongeza tarehe.