Alitafuta mwamba wa kufungia hewa chafu, chemchemi ikageuka kijani

Saa mbili asubuhi, msumeno wa mawe unanguruma katika karakana ya Baldev, mtaa wa viwanda mjini Kisumu. Maji yanamwagika juu ya msumeno na tope la kijivu linamrukia mwanamke aliyevaa aproni ya mpira na miwani ya plastiki. Karakana hii huchonga mawe ya makaburi na meza za jikoni. Yeye anakata kipande cha mwamba kilicho mviringo kama pingili ya muwa.

Anazima mashine, anakipangusa kipande kwa kiganja na kukigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Kisha anavuta ndoo, anaipindua na kuikalia.

"Hiki hakina ufa," anasema, bila furaha yoyote. "Lakini kipande kimoja si mlima."

Huyu ni Dkt. Lornah Ajwang, mwenye umri wa miaka 41, mtaalamu wa miamba. Kwa miaka sita amekuwa akitafuta mahali chini ya ardhi ambapo hewa ukaa, ile itokayo viwandani na kwenye magari, inaweza kufungiwa isirudi tena juu. Hana maabara yake. Baldev humruhusu kuutumia msumeno asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia.

"Watu huniuliza, huyu mama anamchongea nani kaburi?" anasema Baldev, mzee aliyerithi karakana hii kwa baba yake. "Mimi nawaambia, huyu anatafuta kaburi la moshi."

Lornah anatabasamu kidogo. Ni mzaha aliousikia mara nyingi.

Wazo lenyewe, anavyolieleza, si gumu. Hewa hiyo huchanganywa na maji kama soda, kisha husukumwa chini kabisa, kwenye mwamba uliotokana na volkano za kale. Mwamba huo una vitundu vidogo vidogo, na hewa ikikaa humo muda mrefu hugeuka kuwa jiwe. Sharti ni moja: juu yake uwepo mwamba mwingine, mgumu na usio na nyufa, ulioufunika kama kifuniko cha sufuria.

"Kifuniko kikivuja, huna kitu," anasema. "Umejichosha bure na umewahatarisha watu."

Maneno hayo anayasema polepole, kwa sababu yalimtokea.

Lornah alizaliwa Seme, si mbali na soko la Kombewa. Mama yake anaishi huko mpaka leo. Mwaka ule ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za ufukweni, shangazi yake alihama na kuku wawili na godoro. Lornah ndiye aliyelibeba godoro hilo.

"Siwezi kusema hewa ukaa peke yake ndiyo iliyopandisha ziwa," anasema. "Mimi ni mwanasayansi, sitasema nisichoweza kukithibitisha. Lakini siku hiyo nilijua sitaki tena kuwatafutia watu dhahabu."

Aliacha kazi yake ya machimbo ya dhahabu, akajiunga na mradi mmoja wa utafiti uliofadhiliwa kutoka nje. Vipimo vyake vya kwanza vilionyesha kuwa kilima kimoja kule Seme kina mwamba wa aina inayotakiwa. Mkubwa wake, Mathews, alifurahi. Lornah pia alifurahi, ingawa moyoni aliogopa. Hapo palikuwa nyumbani.

Kwenye baraza la kwanza, wanakijiji walimsikiliza kwa adabu. Mwishoni akasimama Mama Achola, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaotunza chemchemi ya Kaluoch, chini ya kilima kile.

"Lornah nyathina, mtoto wangu, hii moshi mnataka kuzika kwetu, ni ya nani?" aliuliza.

"Kwa sasa hatuziki chochote, Mama. Tunapima mwamba tu."

"Nimesikia. Lakini ni ya nani?"

Lornah alikiri kuwa nyingi ni ya nchi za mbali, za viwanda vikubwa. Kisha mzee mmoja akasema kama kuna kazi kwa vijana, basi wapime. Kazi ilikuwepo. Vijana kadhaa wa kijiji waliajiriwa kwenye mtambo wa kuchimba, na kilima kikaanza kutobolewa.

Kisima cha utafiti kilipofika chini ya ule mwamba wa kifuniko, ukaja wakati wa jaribio. Lornah na wenzake walimimina kule chini maji yenye rangi ya kijani isiyo na madhara. Rangi ikibaki chini, kifuniko ni kizima. Ikionekana juu, kuna njia.

Alipiga hesabu zake na kuamini rangi haingefika popote. Ndiyo maana hakuwaonya wanawake wa chemchemi.

Alikuwa Kisumu, akinunua dawa ya presha ya mama yake, simu ilipolia. Alikuwa mama yake mwenyewe.

"Njoo nyumbani," alimwambia. "Maji yamekuwa kama majani ya mboga. Watu wanasema mtoto wangu ameweka sumu."

Alipofika Kaluoch, alikuta umati. Ndoo zilikuwa zimemwagwa, na maji yaliyotuama kati ya mawe yalikuwa ya kijani kibichi kinachong'aa. Mama Achola alikuwa amesimama pembeni ya mfereji na kikombe cha bati mkononi. Alichota maji, akampa Lornah.

Lornah alikunywa mpaka mwisho.

"Ina ladha gani?" Mama Achola akauliza.

"Ni maji tu, Mama. Ile rangi haidhuru. Hospitali huitumia kupimia macho."

"Sawa. Wewe umechagua kunywa." Mama Achola akakichukua kikombe chake. "Watoto wetu walikunywa asubuhi kabla jua litoke, kabla mtu aone rangi. Wao hawakuchagua."

Siku zilizofuata Lornah alikodi lori la maji, akalisindikiza yeye mwenyewe mpaka chemchemi ilipokuwa safi. Kikundi cha akina mama wa kanisani kiliacha kukutana nyumbani kwa mama yake. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kuja.

"Mama hakunilaumu hata mara moja," anasema. "Angenilaumu ningepata nafuu."

Shida ya pili ilikuwa ya kisayansi. Mathews alikuja Seme, akazunguka kisima, akatoa maelezo yaliyowapendeza wote: huenda rangi ilipanda kupitia pembeni ya bomba, pale saruji ilipokuwa hafifu, na wala si kwenye nyufa za mwamba. Hilo ni tatizo la fundi. Lingerekebishwa na mradi ungeendelea.

"Tuandike hivyo," Mathews alimwambia. "Huenda ndiyo kweli."

"Huenda," Lornah alimjibu. "Basi tupime tena tujue."

Kupima tena kulimaanisha kuhatarisha chemchemi ileile. Safari hii Lornah alikwenda kwa wanawake kabla ya kugusa kitu. Walikutana nyumbani kwa Mama Achola, wakamweka muda mrefu kwa maswali. Walitaka maji ya lori yaanze kuja kabla ya jaribio, na mtu wa afya akae pale mpaka mwisho. Alikubali yote. Mmoja akamuuliza kwa nini asiache tu.

"Nikiacha sasa," aliwaambia, "mtu mwingine atakuja baada yangu na karatasi inayosema mwamba huu ni mzima."

Saruji ilimiminwa upya kuzunguka bomba, ikaachwa ikauke vizuri. Rangi ikamiminwa. Lornah alihamia kwa mama yake, na kila asubuhi akateremka chemchemini na chupa ya kioo.

Maji yalibaki meupe siku nyingi kiasi kwamba alianza kutumaini. Mathews alipiga simu na kusema anaandaa wageni wa kuja kuona. Kisha asubuhi moja, baada ya mvua, Lornah aliinua chupa kwenye mwanga na kuona ukijani mwembamba sana. Mwingine asingeuona.

"Niliketi kwenye jiwe," anasema. "Wanawake waliniacha nikae. Mmoja akaniletea uji."

Aliandika alichokiona: kifuniko kina nyufa, kilima hakifai. Mathews hakugombana naye. Alimwambia tu kwamba wafadhili hawatafuti mahali pasipofaa. Miezi michache baadaye mradi ulifungwa, kisima kikajazwa saruji mpaka juu, na vijana wa kijiji wakarudi kukaa kwenye vibanda vya bodaboda. Wengine humsalimia wakikutana naye Kombewa. Wengine hugeuza uso.

Sasa Lornah anafundisha masomo machache chuoni Bondo, kwa malipo ya vipindi. Analala vibaya. Mgongo unamuuma kwa kubeba mawe, na mumewe, ambaye ni mwalimu, amemuuliza zaidi ya mara moja kama hajatosheka.

"Nimechoka, sikufichi," anasema, akivua glavu. "Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule wa kujua ulikosea wapi na bado kazi iko palepale."

Vipande anavyokata leo havikutoka Seme. Ni masalio ya visima vya maji vilivyochimbwa zamani kwenye vilima vya upande wa Bondo; alipewa vipande hivyo na mchimbaji aliyekuwa anataka kuvitupa. Mpaka sasa vingi ni vizima. Kuna shirika dogo limekubali kusikiliza mpango wake.

Lakini safari hii anasema hataanza na mtambo. Juzi alikwenda Seme, akapitia kwa Mama Achola, akamkuta anapepeta maharagwe uani. Alimwomba waende pamoja Bondo, wakaonane na wanawake wanaoteka maji chini ya vilima vile.

"Nikawaambie nini?" Mama Achola aliuliza.

"Uwaambie ulichokiona."

"Hata ile ya kijani?"

"Anza na hiyo, Mama."

Mama Achola aliendelea kupepeta. Maganda yakapeperuka mpaka mlangoni pa jiko.

"Nitaenda," alisema mwishowe. "Lakini mimi sitakutetea. Wakikataa, tunarudi."

"Wakikataa, tunarudi," Lornah akakubali.

Wataondoka Alhamisi, mvua ikiruhusu. Lornah ameshamnunulia Mama Achola viatu vya mpira, kwa sababu njia ya kushuka kwenye chemchemi za huko, anasema, ina utelezi.