Mawe Yasiyosuguliwa

Msomaji, umewahi kumwona karani akinusa maji ya vyombo? Juzi nilikuwa ofisi ya afya, na cheti changu cha chuo, kuomba kazi na kuambiwa tena "no vacancy". Mama mmoja wa Pongwe akaweka chupa ya maji mezani. Ofisi hiyo ilikuwa imemwandikia barua afukie shimo lake la kokoto na makumbi ya nazi, linalochuja maji ya jikoni.

"Nonsense," karani alisema kwa Kizungu cha kuazima. "Mawe yana utelezi. Yasugue, ama ufukie."

"Nilishayasugua, mwanangu, maji yakanuka wiki nzima. Utelezi ndio unaokula uchafu. Hebu nusa haya, yametoka shimoni."

Karani akanusa, akanusa tena, kisha akaichana barua.

Mabwana afya, mfereji wa nyuma ya ofisi yenu unanuka. Mwiteni mama huyo awafundishe, kabla ya mvua.