Chumvi Kwenye Roshani

Mama alipohamishwa na serikali kutoka bondeni na kupewa nyumba ya ghorofa Busanza, mtaa wa pembezoni mwa jiji, nilimwambia atazoea. Nikamwambia tena baada ya mwezi, na tena baada ya nusu mwaka. Alilelewa Tanzania, akalima maisha yake yote. Sasa alishinda ghorofa ya tatu akiangalia saruji. Kushuka hakutaka. Aliniuliza, chini hakuna shamba, ashuke akafanye nini? Mimi niliyeishi naye nilijiona nimefungwa humo humo, na lawama zote zangu.

Wakati huo nilikuwa nikisomea mmea mmoja wa pwani unaostahimili chumvi. Chuoni nafasi yenye jua haikutosha, nikaipanga mimea yangu roshanini kwetu, kwenye mabeseni ya maji ya chumvi. Kila wiki niliongeza chumvi kidogo na kupima mizizi.

Asubuhi moja nilikwenda madukani Sonatubes kununua chumvi. Niliporudi, Mama alikuwa ameyamwaga maji yote na kujaza ya mvua. Alisema mimea ilikuwa inateseka. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa miezi minne ya kazi yangu. Nilikasirika, sifichi. Nilimtolea maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Yeye aliuliza tu, kumpa maji mwenye kiu ni kosa gani?

Ili ajue alichoharibu, nilikata mzizi kwa wembe nikamwekea chini ya kioo cha kukuzia. Nikamweleza kwa majivuno: ngozi ya ndani ya mzizi huwa nene ili chumvi isipite, ile inayoponyoka husukumwa kwenye majani makuukuu, nayo hupukutika. Mmea umezoea kabisa, nikamwambia.

Aliutazama mzizi, kisha akatazama daftari langu la vipimo, jinsi nyongeza ya urefu wa mizizi ilivyozidi kupungua kila wiki.

"Mwanangu, huu haujazoea," alisema. "Umejifungia mlango tu. Hata kukua umeacha."

Nilivisoma tena vipimo vyangu mwenyewe. Niliona aibu.

Tangu siku hiyo sijamwambia tena kwamba atazoea. Jumamosi iliyofuata nilimwambia tukatafute pa kulima; alivaa mabuti yake ya shamba, akashuka ngazi taratibu, nami nyuma yake na jembe, tukaenda kuulizia kipande cha ardhi cha kukodi.