Daftari la Mikono

Siku yangu ya kwanza kazini niliaibishwa na chupa. Ilikuwa katika maabara ya kampuni, ghorofa ya tatu ya jengo moja la katikati ya Johannesburg. Msimamizi wa Maabara alinionyesha kichupa kisichozidi bilauri, akaniambia nimletee mezani kwake. Nilikwenda kukiokota kwa vidole viwili, nacho kikakataa kabisa kunyanyuka. Wenzangu wakaangua kicheko, maana kila mgeni alipokelewa hivyo.

"Hiyo ni zebaki," alisema Msimamizi. "Inamwagika kama maji lakini ni metali. Ukiidharau, itakuumbua kama ilivyokuumbua leo."

Wajukuu zangu, waliozaliwa hapa Mayfair, mtaa wa Johannesburg, wanafahamu Kiswahili ila hunijibu kwa Kiingereza. Mmoja wao juzi alijitahidi kwa Kiswahili: "Eish, Babu, zebaki si sumu? Sasa mlikuwa mnaichimba ya nini?" Swali la haki. Wakati wetu ilikuwa ndani ya vipimajoto, ndani ya swichi, ndani ya mitambo ya viwanda. Dunia iliitaka, nasi tulikuwa vijana wenye kutaka kazi. Ndiyo maana naandika haya.

Baada ya maabara nilihamishiwa mgodini, kaskazini magharibi ya mbali, jangwani, safari ya siku moja na nusu kwa lori. Mgodi wenyewe ulikuwa mdogo: mashimo mawili, tanuru moja, mabanda ya bati na upepo usiochoka. Nilikuwa msaidizi wa Mjiolojia Mkuu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, ambaye hakumwonea mtu haya na hakumwonea mtu kwa chuki. Nilimpenda sana yule mama, ingawa sikuwahi kuthubutu kumwambia.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuusoma mlima. Alisema chini ya pale zamani za zamani palikuwa na moto. Maji ya moto yakapanda kutoka kilindini kupitia ufa mrefu wa mwamba, yamebeba zebaki na kiberiti, yaani salfa. Yalipokaribia juu yakapoa, yakaacha mzigo wao ndani ya ufa, ukawa jiwe jekundu liitwalo sinabari. Kwa hiyo sisi hatukuchimba mlima, tulifuata ufa. Ukinyooka tulinyooka nao, ukipinda tulipinda.

Kuijua sinabari kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, unalisugua jiwe juu ya kigae cheupe kisichong'arishwa: sinabari huacha mstari mwekundu wa kung'aa, mawe ya chuma huacha mstari wa kahawia. Ya pili, unalisaga na kuliosha kwenye karai, unayumbisha taratibu, mchanga unaondoka na maji na sinabari inabaki chini kwa uzito wake. Mara moja nilimpelekea gunia zima nikijisifu. Alisugua jiwe moja tu.

"Umeniletea kutu," alisema. "Kairudishe ulikoitoa."

Nilibeba gunia lile mgongoni hadi shimoni, jua la saa saba kichwani, na sikukosea tena.

Wafugaji wa jangwa waliujua wekundu ule kabla ya wote. Wazee wao walitusimulia kuwa walijipaka unga wake siku za sherehe. Kisha akaja mtu akitafuta shaba, akaambulia zebaki. Tangu hapo mgodi ulifunguliwa soko likiwa zuri na kufungwa likiharibika. Mimi niliukuta umefunguliwa mara ya tatu.

Kazi ngumu haikuwa shimoni, ilikuwa kwenye tanuru. Jiwe likichomwa, zebaki hutoka kama mvuke, hupita kwenye mabomba marefu, hupoa na kudondoka. Lakini nyingine hunaswa kwenye masizi meusi ndani ya mabomba. Masizi hayo yalikokolewa, yakachanganywa na chokaa juu ya meza ya chuma, na mtu akayasuguasugua kwa jembe mpaka vitone vikajikusanya na kutiririka ndooni. Aliyeshika jembe hilo alivuta mvuke kuliko sisi sote, na kinga yake ilikuwa kitambaa tu. Mtu huyo alikuwa Shaame.

Shaame alitoka Pemba, mimi Tanga, na mgodi mzima hapakuwa na mwingine wa Kiswahili. Tulipika pamoja, tukasali pamoja, tukateta pamoja. Hakusoma shule, alisoma chuoni tu, yaani madrasa, kwa hiyo aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu.

Sasa niwaeleze daftari. Sumu ya zebaki huanzia kwenye fizi na mikono. Mtu hutetemeka kabla hajajua kuwa anatetemeka, kisha huwa mwoga, mwenye haya, mwepesi wa hasira. Kwa hiyo kila Ijumaa kila mtu wa tanuru aliandika jina lake na sentensi moja kwenye daftari kubwa. Msimamizi wa Tanuru alilinganisha mwandiko wa leo na wa wiki zilizopita. Ukianza kuyumba, unaondolewa. Tuliliita daftari la mikono.

Lakini Msimamizi wa Tanuru angeujuaje mwandiko wa Shaame? Kwake ilikuwa mikia na nukta. Akawa ananiita mimi.

"Umenyooka?" huniuliza.

"Umenyooka, bwana."

"Ameandika nini?"

"Ameandika leo kuna joto."

Uongo mtupu. Shaame alijua msomaji wake ni mimi peke yangu, akawa ananichokoza. Ijumaa moja aliandika, "Mbaruku, mtazame huyo bosi, kavaa fulana nje ndani." Niliuma ulimi nisicheke. Nyingine: "Wali wako wa jana ulikuwa uji." Niliingoja Ijumaa kwa hamu kuliko mshahara.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo herufi sini, yenye meno matatu, ilikuwa na meno matano. Mstari ulionyooka ulikuwa umeota miiba. Na maneno hayakuwa mzaha. Aliandika, "Nisitiri."

Mliokulia kwetu mnajua uzito wa neno hilo. Kumsitiri mwenzako ni kumfunika aibu yake isionekane. Kibali cha Shaame cha kukaa nchini kilifungamana na kazi ile; akiondolewa tanuruni, anaondolewa nchini, na watu wanne wanamtegemea Pemba.

"Umenyooka?" aliuliza Msimamizi.

"Umenyooka, bwana."

Nilisema hivyo Ijumaa tatu. Katika wiki hizo Shaame aliacha kula nami, akawa anajificha bandani, akiitwa anashtuka. Nilimwambia waziwazi, "Acha kazi, ndugu yangu, utakufa." Alinijibu akitazama chini, "Wee n'sitiri tu, sheikh. Ntapona."

Ijumaa ya nne daftari lilifunguliwa, nikainama. Nukta zilikuwa zimetapakaa ukurasa mzima, mistari imekatikakatika.

"Ameandika nini?"

"Sijui, bwana," nilisema. "Siwezi kuusoma."

Ndilo jambo la kweli pekee nililowahi kumwambia kuhusu maneno ya daftari lile. Msimamizi alilifunga taratibu, na siku hiyohiyo Shaame akapandishwa lori kupelekwa hospitali ya Johannesburg. Alipanda bila kuniaga.

Mjiolojia Mkuu alisimamia kibali chake kisifutwe, kwa barua na kwa ukali wake ule ule. Shaame alipata nafuu, ila mkono wa kulia haukutulia tena. Mgodi ulifungwa kabla sijazeeka. Dunia ilianza kuikimbia zebaki, nami sikuulilia, ingawa mpaka leo nayakumbuka mapambazuko ya kule, ufa mwekundu kwenye mwamba uliolowa umande. Nikarudi maabara ya mjini hadi kustaafu.

Shaame naye alibaki hapa, analinda duka la mpwa wake huko Diepsloot, kitongoji cha kaskazini mwa jiji. Kwa miaka tuliswali msikiti mmoja wa Mayfair, tukapeana salamu za mbali. Niliamini ananichukia kwa Ijumaa ile ya nne, na niliamini ana haki. Mwezi uliopita nilimfuata akivaa viatu mlangoni.

"Shaame, niambie. Siku ile uliandika nini?"

Alifikiri. "Jina langu tu."

Nilishikwa na uchungu, nikamwambia anisamehe kwa kumvunjia sitara yake Ijumaa ile ya nne.

"Ya nne?" aliniangalia kwa mshangao. "Ya nne uliniokoa, bwana. Zile tatu je? Mie nilikuomba, kweli. Lakini mie nilikuwa mgonjwa, Mbaruku. Wee ulikuwa mzima."

Nilimwomba radhi upya, safari hii kwa zile tatu, na hapo ndipo aliponipa mkono.