Nilikaa ukweni Kulesa nikitazama masikio yangu yakiwaka

Wakuu, salamu. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na aibu nimeiacha ilivyo.

Mimi ni fundi wa pampu za maji hapa Garsen. Nina hasira za karibu. Mke wangu sijawahi kumpiga, ila nikikasirika navunja vitu. Nimevunja viti viwili, jiko, na simu yangu mwenyewe.

Mwezi wa nne sasa mke wangu yuko kwao Kulesa. Nilimfuata mara mbili, zote nikaondoka nikibamiza mlango. Baba mkwe akatuma ujumbe: njoo mara ya tatu, ukiondoka kwa hasira usirudi tena.

Sasa, nilipokuwa security Doha, nililala chumba kimoja na Mbudha wa Sri Lanka. (Msinihubirie, kanisani bado naenda.) Alinifundisha kitu wanachokiita vedana. Jambo likikugusa, unahisi kwanza: utamu, uchungu, au si hili si lile. Hapo bado hujakosa. Makosa yanaanza ukiikimbilia hiyo hisia, au ukipigana nayo. Ukiitazama tu, inapita.

Wakati ule niliona ana muda mwingi wa kupoteza.

Basi nikaenda, nikakuta kikao cha familia, mke wangu akiwemo. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeanza. Akasema mimi si mume, ni mafuriko, nikipita nabeba vyombo. Watu wakacheka. Kusema kweli hapo alinipata.

Masikio yakawaka. Nikayatazama. Nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza.

Yule Mbudha hakuniambia kwamba ukweni kunyamaza hivyo ni dharau. Mzee, baba mkwe, akasimama, akasema kikao kimekwisha, mtu huyu anatudharau.

Wakuu, niliogopa. Ikabidi niseme: "Mzee, sidharau. Masikio yanawaka kwa hasira. Nasubiri ipite ndio nijibu."

Shemeji akaniangalia masikio.

Mke wangu akasema: "Miaka tisa. Leo ndio nasikia unachohisi kabla sijasikia kitu kikivunjika."

Mzee akaketi.

Mke wangu hajarudi bado. Ila kila jioni hunipigia kuuliza nahisi nini, kama daktari, nami namjibu. Nilichojifunza ni kwamba kuhisi si kosa, lakini kuitazama hisia peke yako hakutoshi. Mwenzako haioni, mwambie.

Jana nilimwambia kuna kitu kizito kooni na si hasira. Akasema hata yeye anacho.

Wenye uzoefu, hicho mnakifanyaje? Nijibuni mapema, jioni atauliza tena.