Mtu wa theluji aendaye Yiti

Leo nusura watoto wanikimbie!

Maktaba ya mtaani kwetu, Ghubra, imenipa nafasi ya kusimulia watoto hadithi za msimu wa baridi. Wakichoka, sipewi tena. Kwenye maktaba ya mtandaoni nikapata bure hadithi na picha za kupaka rangi.

Zote za theluji na mtu wa theluji, na huku kwetu theluji haianguki.

Watoto wawili wakaanza kuvaa viatu.

Salma, mdogo kuliko wote, akaniuliza, "Dada, kwani hawa wa kwenye picha baridi ikija hawendi ufukweni Yiti kuchoma mishkaki?"

Nikasema, "Basi tumpeleke huyu mtu wa theluji."

Wakamchorea kofia ya kumma kichwani, mkeka na jiko la mkaa. Salma akapiga kelele, "Msogezeni mbali na jiko, atayayuka!"

Mkutubi akacheka. "Wiki ijayo uje tena."

Nyinyi baridi ikiingia mnakwenda wapi? Nisimulieni, nna watoto wanangoja.